Sifuri ya Bi Nyamizi

Nchi ninayoisimulia hapa haipo, na ninawaomba sana wale wanaoishi humo wasiniandikie barua. Haina jina, kwa sababu kamati ya kuitafutia jina bado iko semina.

Hata hivyo ni nchi yenye heshima zake. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na ina watumishi raia elfu arobaini, yaani watumishi wa serikali wasiobeba bunduki. Wanajeshi wa nchi ile hawana shida ya kupimwa: adui asipokuja, wamefaulu. Lakini mtumishi raia utajuaje kwamba amefunzwa akafunzika? Swali hilo liliinyima serikali usingizi usiku, hata ikawa inalala mchana, saa za kazi.

Ili lijibiwe, ikaundwa Kurugenzi ya Tathmini ya Ubora wa Mafunzo ya Watumishi Raia. Ikapewa ghorofa tatu na Mkurugenzi mmoja, Dakta Pantaleo Mshindo, mtu mfupi mwenye tai ndefu. Dakta alikuwa na desturi ya kupiga makofi kila amalizapo sentensi yake mwenyewe, ili kuwapunguzia wengine kazi.

Zamani tathmini ilikuwa rahisi. Mwisho wa semina kila mshiriki alipewa fomu yenye nyuso tatu: uso unaotabasamu, uso unaocheka, na uso unaocheka hadi machozi. Uso wa huzuni haukuchorwa kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Kwa miaka tisa taifa zima lilicheka hadi machozi. Kisha mtu mmoja mwenye roho mbaya akaongeza swali mgongoni mwa fomu: "Umejifunza nini?" Asilimia themanini wakajibu, "Kuku." Waliobaki wakaandika kwamba wali ulikuwa mchache.

Hapo ndipo Dakta Pantaleo alipovumbua kipimo kipya. Kila mtumishi atafanya Jaribio la Kabla, kisha atafunzwa, kisha atafanya Jaribio la Baada. Chukua alama za Baada, toa alama za Kabla, na kinachobaki ndilo Ongezeko la Maarifa. Rais alikipenda sana kipimo hicho. Akatangaza redioni kwamba kufikia sikukuu ya taifa, wastani wa Ongezeko kwa nchi nzima uwe sitini.

Watumishi wa nchi ile si wajinga. Hata sisi wa shule za bweni tunaijua hesabu hiyo: ukitaka mwalimu akuandikie "amejitahidi sana" muhula wa tatu, muhula wa kwanza lazima ufeli kwa juhudi. Basi wakaanza kufeli. Walikaa jioni wakikaririshana majibu ya makosa. Mkuu wa Idara ya Ramani, mtu aliyeichora nchi ile kwa mkono wake, aliandika kwenye Jaribio la Kabla kwamba mji mkuu uko upande wa pili wa mto, karibu na mwezi. Akapata sifuri. Baada ya siku kumi za kula kuku akakumbuka ulipo, akapata tisini na nne, akapewa kikombe na picha yake ikatolewa gazetini.

Mambo yalikwenda vizuri hadi mkaguzi mmoja alipogundua jambo la aibu. Mpiga chapa wa ofisi ya Waziri, aliyekuwa ameandika kwamba hajui karatasi huingizwa upande gani, alionekana mchana uleule akichapa barua kumi na sita bila kosa. Nchi ikatikisika. Je, hizi sifuri zetu ni za kweli?

Dakta Pantaleo hakutaka mtu alitilie shaka taifa. Akatoa Waraka Namba Saba, wenye sentensi moja: "Mtumishi asijue kazini asichokijua kwenye karatasi." Maana yake, tangu siku ya Kabla hadi siku ya Baada, kwa siku zote kumi, kila mtumishi atafanya kazi kama alivyojibu.

Waraka ukatekelezwa, maana utekelezaji ni jambo wanalolipenda sana. Posta, stempu zikawa zinabandikwa ndani ya bahasha, zisilowe. Masjala, mafaili yakapangwa kwa uzito, na faili la malalamiko ya wananchi likawa chini kabisa, likiwabeba wenzake. Zimamoto wakataka kila moto uwaarifu kwa barua siku tatu kabla. Wananchi walivumilia, kwa sababu baada ya siku kumi kila mtu alikumbuka kazi yake na wastani wa taifa ukapanda. Wiki mbili kabla ya sikukuu ulifika sitini kamili.

Alibaki mtumishi mmoja tu ambaye hajapimwa.

*

Aliitwa Bi Nyamizi Kalunde, mwendesha mtambo wa maji wa mji mkuu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na miwili hakuwahi kuhudhuria semina hata moja, kwa sababu ndogo tu kwamba akiondoka maji yanakatika. Kila siku saa kumi na moja alfajiri alifungua koki sita kwa mpangilio alioujua yeye, akaweka sikio kwenye pampu kama daktari anayesikiliza kifua, akapima dawa ya kuua vijidudu. Mto ukija na tope aliongeza shabu ya kulituliza, tope likipungua alipunguza. Watu laki mbili walikunywa maji yake na hakuna aliyelijua jina lake, na hiyo ndiyo sifa kubwa anayoweza kupata mtu wa maji.

Dakta Pantaleo alimfuata mtamboni mwenyewe, akiwa na karatasi ya Jaribio la Kabla mkononi. Alisimama mlangoni akisubiri aamkiwe, kwa kuwa itifaki ya nchi ile inataka asiye na cheti amwamkie mwenye vyeti. Bi Nyamizi, ambaye angeweza kumzaa, hakuinua macho kutoka kwenye geji.

"Marahaba," alisema.

"Sijasema kitu, Bibi."

"Basi nimeiweka akiba. Karibu. Usikanyage hapo, pana mafuta."

Dakta alikanyaga hapo. Alipokwisha kusimama tena, alijifuta suruali na kukohoa kwa cheo.

"Bi Nyamizi, watumishi elfu arobaini kasoro mmoja wamefunzwa. Kasoro ni wewe."

"Niliandika barua kumi na moja."

"Za kuomba mafunzo?"

"Za kuomba mtu wa kumfundisha. Nastaafu baada ya miaka miwili, mwanangu. Mitambo hii hakuna mwingine anayeijua. Nileteeni mtu mmoja tu, mwenye masikio."

"Tulikujibu."

"Mlinijibu kwamba kazini si mahali pa kujifunzia, kwa sababu hapana ukumbi."

Dakta akazungusha macho ndani ya mtambo. "Na kweli hapana," akasema kwa masikitiko. "Wala projekta." Akajipigia makofi mawili, akamkabidhi karatasi.

Ilikuwa na maswali thelathini kuhusu maji. Bi Nyamizi aliyajibu akiwa amesimama, kwa dakika tisa, mkono mmoja ukiwa juu ya koki. Maswali mawili aliyarekebisha, kwa sababu yalikuwa na makosa. Dakta akasahihisha papo hapo. Alipofika mwisho aliketi juu ya ndoo.

"Bibi, umenifanya nini?"

"Nimekosa wapi?"

"Hujakosa! Hilo ndilo kosa! Umepata mia!" Akatoa leso. "Mtu mwenye mia siku ya Kabla, siku ya Baada atapata ngapi? Mia. Mia toa mia?"

"Sifuri."

"Sifuri! Tumekufunza na hujaongezeka. Na ukiamka na mafua siku hiyo ukapata tisini na tisa, tutakuwa tumekupunguza! Wastani wa taifa ni sitini kamili, Bibi, hauna hata pa kupumulia. Wewe mmoja utatuangusha hadi hamsini na tisa na nukta nyingi sana."

"Pole."

"Si pole. Sheria inasema nafasi isiyoongezeka inafungwa. Ijumaa utastaafishwa kwa manufaa ya umma."

Bi Nyamizi aliondoa mkono kwenye koki kwa mara ya kwanza. "Na maji?"

"Tumeshampata mtu. Bwana Tibursi, wa makao makuu. Ana vyeti kumi na tisa. Kwenye 'Uongozi wa Mabadiliko' alipanda kutoka sifuri hadi sabini na moja."

"Ya maji anajua nini?"

"Hajui kitu! Hebu fikiria atakavyoongezeka!"

Bi Nyamizi aligeukia dirisha. Nje mto ulikuwa unapita na rangi ya chai ya maziwa. Siku mbili tatu za mkono usiojua, na mji mzima ungelazwa kwa kuhara.

"Naweza kurudia mtihani?" akauliza.

"Kwa furaha kubwa!" Dakta akachana ile karatasi yenye mia vipande vidogo vidogo, akatoa mpya.

"Nikiandika kipimo cha dawa kisicho sahihi?"

"Nitakushukuru."

"Na kazini?"

"Utatia hichohicho. Waraka Namba Saba. Siku kumi tu."

"Siku kumi watu watakuwa wamekufa."

"Si wote, Bibi. Na watakaopona tutawahesabu kama ongezeko."

"Na nikiandika kwamba sijui?"

"'Sijui' ni jibu zuri mno. Ni sifuri safi, haina hata doa."

"Na kazini?"

"Asiyejua hafanyi. Waraka uko wazi," alisema Dakta, ambaye kwa mazoea ya miaka mingi hakuwa akijisikiliza.

Bi Nyamizi aliomba dakika ishirini. Akajaza tangi la hospitali hadi likafurika, akajaza matangi ya shule zote za mjini, kisha akafunga koki sita, moja baada ya nyingine. Aliosha mikono, akaketi, akaandika "Sijui" mara thelathini, kwa mwandiko wa duara kama tunaoandikishwa kidato cha kwanza. Dakta aliigonga mhuri karatasi ile, akaitia saini, akaibusu, akamwachia nakala. Alikuwa ameshafika kwenye gari lake aliposikia ukimya nyuma yake, lakini alidhani ni heshima.

*

Siku ya kwanza watu walidhani ni mgawo wa kawaida. Siku ya pili walianza kuulizana. Katika hoteli kubwa ya mikutano palikuwa na mafunzo ya watumishi mia tatu, mada ikiwa "Usafi wa Mahali pa Kazi." Chai ya saa nne haikutoka. Mwezeshaji, akiwa amefunzwa kutuliza hali ya hewa ukumbini, aliwaomba washiriki waandike matarajio yao ya siku kwenye bango kitita. Wote mia tatu waliandika neno moja, nalo lilikuwa "choo." Mwezeshaji akawashukuru kwa umoja wao.

Saa sita Waziri akahutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "pana watu wanaeneza uvumi kwamba serikali yenu imeishiwa maji. Ni uongo. Serikali haijaishiwa maji. Serikali imeyapa maji likizo, na maji yatarejea kazini yakiwa na ari mpya." Alitaka kunywa kidogo kabla ya kuendelea, akaitazama glasi, akaahirisha hotuba.

Alasiri wakamtuma Bwana Tibursi.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, mwenye suti ya rangi ya majivu na jalada kubwa kwapani lenye vyeti kumi na tisa, kila kimoja ndani ya plastiki yake. Alimkuta Bi Nyamizi amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anaangalia ukuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vuta ndoo ukae."

"Nimetumwa kufungua maji."

"Fungua."

Bwana Tibursi akazitazama zile koki sita. Zilikuwa za rangi mbalimbali na zote zilimtazama vibaya.

"Ni ipi?"

"Sijui."

"Hii nyekundu?"

"Sijui, mwanangu. Imeandikwa mara thelathini, na mhuri upo."

Aliigusa ile nyekundu, akaizungusha kidogo. Kitu fulani chini ya sakafu kiliguna kama ng'ombe aliyekanyagwa. Bi Nyamizi alifumba macho lakini hakuinuka. Tibursi aliirudisha haraka, akaketi juu ya ndoo, jasho likimtoka.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "mimi kusema kweli sijui chochote. Si kwenye karatasi. Hata humu." Akajigusa kifua.

Bi Nyamizi akamgeukia. "Kweli?"

"Kweli tupu. Nina cheti cha Usimamizi wa Mikakati. Nimekaa miaka saba natafuta mtu wa kumuuliza mkakati ni nini."

"Mbona hukuuliza semina?"

"Ukiuliza wanaliandika swali lako kwenye karatasi ya pembeni. Wanasema watalirudia baada ya chakula." Akasogeza ndoo karibu. "Wewe huogopi, Bibi? Watakufukuza."

"Kufukuzwa si kitu. Nina shamba la mihogo, litanifurahia. Naogopa asubuhi moja tu, baada ya mimi kuondoka. Watu wataamka wanywe maji yaliyotiwa dawa na mtu anayebahatisha. Hapo sitalala hata shambani."

Bwana Tibursi aliliangalia jalada lake kwa muda mrefu. Kisha akalisukuma chini ya meza kwa mguu, taratibu, kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Wakakaa wawili hao hadi jioni, wote hawajui.

*

Siku ya tatu alifika Dakta Pantaleo mwenyewe. Tai ilikuwa imelegea, na aliyesimama naye karibu angejua kwamba hajaoga.

"Fungua maji!"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Unajua!"

Bi Nyamizi akatoa nakala ya karatasi kwenye pindo la kanga yake, akaikunjua. "Yaani karatasi yenye saini yako imesema uongo? Mbele ya shahidi?"

Dakta akamtazama Tibursi. Tibursi akatazama dari. Na hapo msomaji anipe nafasi nieleze ugumu aliokuwa nao kiongozi yule, maana sitaki adharauliwe. Akisema Bi Nyamizi anajua, basi sifuri yake ni ya uongo. Sifuri hiyo ikiwa ya uongo, wakaguzi watauliza zile nyingine, na ziko elfu arobaini kasoro moja, na Rais ameshazitangaza redioni. Hakuna mtu mmoja anayeweza kubeba sifuri nyingi kiasi hicho.

"Basi tufanye Jaribio la Baada sasa hivi," akasema.

"Kabla ya mafunzo?" Bi Nyamizi akashtuka kwa adabu.

"La, la. Mafunzo lazima. Tibursi, piga simu makao makuu. Tunao wawezeshaji mia mbili. Wamlete wa maji."

Tibursi alipiga, akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja. "Wanasema hayupo. Anayejua maji nchi nzima ni mmoja."

"Aletwe!"

"Yupo hapa, Dakta. Ila hajui."

Dakta Pantaleo akaketi juu ya ndoo. Kwa mara ya kwanza tangu apate cheo alimaliza sentensi tatu bila kujipigia makofi. Zote tatu zilihusu mama yake mzazi na kwa nini hakumwacha akawa fundi cherehani.

Bi Nyamizi alimwacha kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Mimi sijawahi kufika semina, mwanangu, nisamehe. Lakini huko kwenu, mwezeshaji akiwa hajui somo, huwa anafanyaje?"

Dakta na Tibursi wakatazamana.

"Kazi za vikundi!" wakasema kwa pamoja.

Dakta akasimama, damu imerudi usoni. Ndiyo! Washiriki wanagawanywa, wanajadiliana, wanayagundua majibu wenyewe, mwezeshaji anatembea huku mikono ikiwa nyuma. Kundi ni watu wasiopungua wawili. Bi Nyamizi ni mmoja, Bwana Tibursi ni wa pili.

"Na kundi huvunjwa lini?" akauliza Bi Nyamizi.

"Likimaliza. Kila mwanakundi akifika alama sitini."

"Na kabla ya hapo?"

"Haligusiki. Hata Rais haligusi."

"Niandikie hivyo, Mheshimiwa. Kichwa changu kizito."

Dakta aliandika. Wakati ule, kwa jinsi alivyokuwa akikihitaji choo, angesaini hata kuitoa nchi kwa majirani. Bi Nyamizi aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja pamoja na ile nyingine, akainuka kwenye kigoda na kupangusa kanga.

"Haya. Nani mwenyekiti?"

"Wewe, Bibi," akasema Tibursi. "Mimi katibu. Huwa nakuwa katibu."

"Katibu, tujadiliane. Unaonaje tukishika hii ya bluu?"

"Naona... tuishike?"

"Wazo zuri sana. Tuizungushe kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Kundi limeona kushoto. Polepole. Sasa weka sikio hapa kwenye pampu. Unasikia nini?"

"Kelele."

"Sikiliza tena."

Tibursi alilaza shavu kwenye chuma. Akakaa hivyo, amefumba macho, suti yake ikinywa mafuta. "Kama... kama mtu mwenye kikohozi," akasema.

"Ahaa," Bi Nyamizi akasema, na kwa sekunde moja alisahau kwamba hajui. "Hewa hiyo. Tumegundua kwamba kuna hewa. Tuitoe."

Kazi ya kundi ilichukua dakika kumi na nne. Koki ya sita ilipofunguka, mabomba chini ya ardhi yaliunguruma, na mjini watu waliokuwa wamesahau kufunga mabomba yao walipiga kelele za furaha. Kutoka upande wa hoteli ya mikutano ulisikika mlio wa miguu mia sita.

Jaribio la Baada likafanyika papo hapo. Bi Nyamizi alipata mia. Bwana Tibursi alipata tatu, kwa kulijua jina la mto.

*

Ripoti ya tathmini ilitoka kwenye sikukuu ya taifa, ikiwa na jalada la dhahabu. Ilionyesha kwamba mafunzo ya Mtambo wa Maji, yaliyochukua dakika kumi na nne bila ukumbi, bila mwezeshaji, na bila kuku, yalileta Ongezeko la mia, ambalo halijawahi kuonekana duniani. Kwa hiyo ripoti ikapendekeza kwamba kuanzia sasa mafunzo yote ya watumishi raia yafanyike bila maji, kwa kuwa utafiti umebaini kuwa kiu huongeza uelewa.

Bi Nyamizi alitangazwa Mwanafunzi Bora wa Taifa. Walitaka kumhamishia makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia, awe anazunguka mikoani kuwaonyesha watumishi jinsi alivyokuwa hajui. Gari lilikuja kumchukua. Alimpa dereva karatasi yenye saini ya Dakta, dereva akaisoma, akageuza gari. Kundi lilikuwa halijamaliza. Mwanakundi mmoja bado ana tatu.

Basi Bwana Tibursi akabaki mtamboni. Mwezi wa kwanza aliunguza mkono wa suti kwa dawa, akaacha kuja na suti. Mwezi wa nne alijaza uwanja wa mpira maji, timu mbili zikiwa ndani. Bi Nyamizi hakumgombeza na hakumsifu. Alimwambia tu, "Rudi kesho saa kumi na moja." Alimfundisha kuupima mto kwa macho kabla ya kuupima kwa chupa. Alimkatalia kuandika chochote hadi mkono uwe umeshajua. Lile jalada la vyeti lilibaki chini ya meza. Siku moja ya mvua Tibursi mwenyewe alilitoa, akaziba nalo dirisha lililovunjika, na kwa kuwa kila cheti kilikuwa na plastiki yake, halikuvuja hata tone.

Kila Jumatatu Dakta Pantaleo alipiga simu. "Bwana Tibursi amefika sitini?"

"Bado," alijibu Bi Nyamizi.

Ikapita miezi ishirini. Ilibaki miezi minne tu Bi Nyamizi arudi kwenye mihogo yake. Jumatatu moja mto ulishuka na tope zito kutoka milimani, tope la aina inayokuja mara moja kwa miaka kumi. Bi Nyamizi alikuwa ameamka na homa. Alijikokota hadi mtamboni, akafika saa moja asubuhi, saa mbili nzima amechelewa.

Koki sita zilikuwa wazi. Pampu ilikuwa inapumua vizuri. Bwana Tibursi alikuwa amekunja mikono ya shati, viganja vyeupe kwa shabu, na alikuwa hajamwona. Alikuwa ameweka sikio kwenye chuma, ananong'ona, "Haya, haya, nimekusikia."

Bi Nyamizi alienda bombani, akajaza glasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa safi. Alikunywa yote. Alikaa kwenye kigoda.

Simu ikalia.

"Bibi, habari za Jumatatu," ilisema sauti ya Dakta Pantaleo. "Vipi mwanakundi wetu? Amefika sitini? Maana akifika tu, tutakuleta huku kwenye zulia, yeye tutampima upya, na akikutwa na mia mapema tutamstaafisha kwa manufaa ya umma."

Tibursi alisimama wima, mikono ikidondosha maji, akimtazama mama yule.

"Bado," akasema Bi Nyamizi.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mheshimiwa. Nimekunywa maji yake sasa hivi. Hajui kitu."

Upande wa pili wa simu yalisikika makofi, na kalamu ikiandika. Bwana Tibursi, mtu wa vyeti kumi na tisa, aligeukia ukutani haraka, kwa sababu uso wake ulikuwa umeanza kufanya mambo ambayo hata fomu ya zamani ya nyuso tatu haikuwa nayo.